Usimwambie Mtu wa Bima Kwamba Mwanao Mzima

Maneno yalianzia mashine ya kusaga: eti dereva akitoka kwenye ajali bila kuvunjika mfupa, bima hawamlipi hata akili ikimtoka. Mama Tusekile aliyasema huku anacheka, wa kwako ana bahati, lori limekuwa chapati yeye hana hata mkwaruzo. Nikaitika, Mungu mkubwa. Lakini maneno yale yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki, maana mwanangu Ambakisye tangu amgonge mama mmoja wa baiskeli, muuza nyanya, na lori likapinduka, halali kitandani, analala chini ya meza, na breki ikilia huko barabarani anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia mpaka kisigino kinachubuka. Na leo mtu wa bima anakuja kumwona. Shati nimeshampigia pasi.

Nakaa mlangoni nachambua mchele, jua la mchana linanipiga usoni, ungo unaanza kuzunguka, kumbe ni usukani, nimeushika, na barabara inaingia mlangoni inanibeba. Naenda. Nikipanda kilima nakuta kilima kilekile, na kila kona yupo mama wa nyanya na baiskeli yake, ananipisha, nyanya zinabiringika, naenda, kilima kilekile. Nafika mji wa vioo, kuta vioo, lami kioo, madereva wamepanga foleni, na kila mmoja kwenye kioo amenyooka, ananawiri, ila mwenyewe anatetemeka. Mtu asiye na uso ananishika mkono. Namwuliza, baba, fidia inatolewa wapi? Panapoonekana jeraha. Na lisiloonekana? Huonekana likisemwa. Lisemwe kwa nani? Kwa asiyeona. Namwambia, uso huna, ila maneno unayo kama mwenyekiti wa kijiji. Anacheka bila mdomo.

Mbele kuna dirisha, na Ambakisye amesimama hapo. Karani, naye hana uso, anamwuliza, habari za tangu ajali, dereva? Mwanangu anajibu kama nilivyomlea, nzuri tu, bosi, namshukuru Mungu. Karani anagonga muhuri, kah! Huyu hadai kitu. Napiga kelele, mwanangu, hiyo ni adabu, siyo jibu! Mwambie meza! Mwambie nyanya! Ananigeukia. Mama, mwanaume anaanzaje kumwambia mgeni kwamba anaogopa breki? Wataniita kichaa, nani atanipa gari tena? Foleni nzima inaitikia, nzuri tu, nzuri tu, muhuri kah, kah, vioo vinang'aa.

Nashtuka. Mchele umemwagika. Mtu amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake, uso wake siuoni. Shikamoo mama. Marahaba. Kijana anaendeleaje? Mdomo umeshafunguka, nzuri iko kwenye ncha ya ulimi. Ndani kisigino kinagonga sakafu. Sijui kama nimeamka au bado niko pale dirishani. Nalimeza lile neno. Nasema, ingia, baba, ila uiname. Yuko chini ya meza.

Wenye watoto wanaoendesha, epukeni haya:
Kusema mzima kwa sababu hamkuona damu.
Kumvalisha shati la pasi mgeni akija.
Kumwambia mwanaume haogopi.
Kungoja apoe mwenyewe. Mpelekeni kwa daktari mapema, na yote ayaseme, hata ya aibu.
Kucheka kama Mama Tusekile.
Kuitika kama mimi.