Funguo Tatu za Bi Zulekha

Kwa miaka mitano ya uwakilishi wake, Hamdan Ngwali hakuwahi kumwambia mtu hapana. Alitia saini barua msibani, alitia saini juu ya tangi la pikipiki, na siku moja, bila kufungua hata daftari, alikidhamini kikundi cha akiba cha pwani kwa sababu mwenyekiti wake alikuwa mtu wa watu. Mwenyekiti yule akatoroka na kasha zima. Uchaguzi uliofuata Hamdan alianguka, lakini kilichomuuma hasa ni nyuso za wale kina mama wa pwani. Akarudi darasani na mvi zake, akakaa na vijana sawa na wanawe, akajifunza namna fedha za watu zinavyolindwa. Siku hizi anaitwa Dodoma, anaitwa Nairobi, akawaeleze wakubwa kanuni za vikundi vidogo vya akiba.

Lakini asubuhi hii alikuwa kijijini Ole, kwenye baraza ya Bi Zulekha, mwenyekiti wa kikundi cha akiba na mama yake mdogo aliyemlea tangu alipofiwa na mama yake. Karafuu zilianikwa uani, na kina mama ishirini na wawili walijipanga wakingoja awakague na kuwapa cheti cha kikundi chao. Bila cheti, benki haikopeshi. Bila mkopo, hakuna mashine ya kusagia muhogo, na mikono itaendelea kutwanga.

"Kula kwanza," Bi Zulekha alisema, akimsogezea sahani ya mkate wa kumimina. "Mtu hakagui na njaa."

"Nikishamaliza, mama mdogo."

"Haya, Mheshimiwa. Hata mkate wangu umeshatiwa kanuni!"

Kina mama wakacheka. Hamdan akafungua madaftari, na kila ukurasa ulizidi kumfurahisha. Hisa zote zilikuwa mahali pake. Akaomba kasha. Likaletwa, la chuma, lenye kufuli tatu, ili lisifunguke mpaka watu watatu wakutane, kila mmoja na ufunguo wake. Bi Zulekha akavuta uzi mweusi shingoni. Zikatoka funguo zote tatu.

"Wenye funguo wengine wako wapi?"

"Tupo," alijibu Bi Rahila, katibu. "Tumempa yeye. Katusomesha Kurani sote hapa, leo tumgawie ufunguo mmoja kama tunamchunga? Si adabu, baba."

Mtu wa watu. Hamdan alimkumbuka yule mwenyekiti wa pwani. Cheti kilikuwa ndani ya mkoba, na alijua hakuna hata shilingi iliyopotea. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Siwezi kukitoa," alisema, na sauti ikamtoka ndogo.

Bi Zulekha akaisogeza kando sahani ya mkate. "Nimekubeba mgongoni weye mpaka hospitali ya Mkoani, una homa."

"Najua."

"Unanishuku?"

"Wallahi sikushuku. Lakini mwizi akivunja mlango huu leo, kesho watu watamuuliza nani? Wewe peke yako. Sitaki uulizwe peke yako, mama mdogo."

Hapo kicheko kikatoka mlangoni. Alikuwa Bi Mwanawema, aliyempigia ngoma mpinzani wa Hamdan na kumwimba Hamdan kwa kejeli, katika uchaguzi wa miaka kumi iliyopita, na tangu siku ile hajasemezana na Bi Zulekha, ingawa kikundi ni kimoja na kisima ni kimoja.

"Mwambieni mwenyekiti," aliuambia ukuta, "Bwana Ndiyo-Ndiyo leo kajua kusema hapana!"

Hamdan akamgeukia. Siasa ilimfundisha nyumba ipi haisemi na ipi, na hakudhani elimu ile ingemfaa tena.

"Ufunguo mmoja apewe Bi Mwanawema."

Baraza ikachafuka. "Huyu?" Bi Zulekha aling'aka. "Aliyekuimba mbele za watu?"

"Huyo huyo. Miaka kumi hajakusamehe neno moja. Ataisamehe shilingi?"

"Kura yangu hapati," Bi Mwanawema alisema, "lakini hapo kasema kweli."

Bi Zulekha akaukata uzi kwa meno. Ufunguo mmoja akampa Bi Rahila. Mwingine akaubana kiganjani, akavuka baraza taratibu mpaka mlangoni.

"Usiupoteze," alisema.

"Weye usichelewe mkutano wa Ijumaa," alijibu Bi Mwanawema, na hakuutazama ukuta tena.

Bi Zulekha akarudi na kuketi. "Haya. Cheti."

"Fungueni kasha pamoja mikutano mitatu. Kisha nitakileta mwenyewe."

"Leo hunipi?"

"Leo sikupi, mama mdogo."

Bi Zulekha akavuta sahani, akakata kipande kikubwa cha pembeni, kile kilichokauka vizuri, alichokuwa akimwekea Hamdan utotoni kila alipotoka skuli.

"Kula basi," alisema. "Ushakagua."