Mahindi ya Uchagani

Mama alipofariki mwezi wa Novemba, ndugu yake, mjomba Kahindi, ndiye aliyebaki kulilima shamba lake kule Kaloleni. Kila mwezi alitutumia gunia dogo hapa mjini, Tudor, mahindi membamba, mengine yametobolewa na fukusi. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza mazuri yanakwenda wapi.

Mwezi wa Machi tulikwenda sote, mimi, mume wangu Kombe na binti yetu Cynthia. Wao walikwenda kutembea. Mimi nilikwenda kukagua. Kulikuwa na mtu anayelitaka shamba lile, na nilikuwa nimemwahidi jibu nikirudi. Cynthia alifurahia kila kitu. Alichuma mchicha, akala muhogo uliong'olewa saa ile ile. Mimi nilimtazama mjomba mikono.

Jikoni kwake niliinua macho. Juu ya mafiga, kwenye uchaga uliojaa masizi, yalining'inia mahindi makubwa, bado na maganda yake, yamefungwa mawili mawili. Mimi nimekulia mjini kwa shangazi. Niliona jambo moja tu, kwamba yamefichwa. Mjomba alipokwenda kumwonyesha Kombe mbuzi, niliyashusha yote ishirini, nikayafunga kwenye leso, nikayatia chini ya kiti cha gari. Sikuona haya. Nilijiona nimechukua cha mama.

Jumanne, tukiwa tumesharudi mjini, nilipukuchua kumi na mawili, nikayainjika na maharagwe, pure ya kutosha siku mbili. Nyumba ikanuka moshi. Cynthia akasema harufu ile ni ya nguo za bibi.

Pure ikiwa bado yatokota, mjomba akapiga simu. Alitujulia hali mmoja mmoja, hata kazi ya Kombe huko Kilindini akaiuliza. Ndipo akasema mvua imenyesha, na mbegu imeibiwa.

"Mbegu gani, mjomba?"

"Ya mamako. Kila mavuno alichagua mahindi bora akayatundika moshini, fukusi asiyaguse. Safari hii nilichagua mimi, kama alivyonifundisha. Hata sisi huku twala madogo ili yale yabaki."

"Wamshuku nani?"

"Kadenge, huyu jirani. Alikuja kuomba moto siku mliyoondoka. Naenda kwake sasa hivi na wazee wawili."

Ningeweza kunyamaza. Kadenge simjui, nilimwona mara moja tu, kwenye matanga ya mama, akitubebea maji.

"Mjomba, usiende. Ni mimi."

Nikamweleza yote, hata habari ya mnunuzi. Mwishowe aliuliza yamebaki mangapi. Nikamwambia manane.

"Ulidhani nakuficha."

"Ndiyo, mjomba."

"Hayo usiyapukuchue. Yalete kesho, na jembe ununue huko, langu ni moja. Manane yatatosha kipande cha karibu na kaburi lake. Wewe utachimba mashimo. Mbegu nitatia mimi, maana mkono wako siuamini bado."

Nilimwambia kwamba ana haki ya kusema hivyo. Kisha nikampigia yule mnunuzi, nikamwambia atafute shamba kwingine. Akauliza sababu. Nikamjibu kwamba tunapanda kesho.

Pure ilipoiva nilimpakulia Cynthia kwanza. Nikamwambia ale polepole, ni mahindi ya bibi yake.