Morani Aliyetoka Ugenya

Tangazo lilitaka mtu mrefu, mweusi, anayejua kuruka, na awe Mmaasai. Ochola alikuwa na matatu kati ya manne, na kwa mtu aliyekaa miezi saba bila kazi, hizo ni alama za kupita.

Kiwanda cha simenti kilikuwa kimemaliza naye mkataba, na sasa mkewe Maryanne ndiye aliyelisha nyumba kwa mandazi pale Noonkopir, pamoja na mwanamume mzima aliyekaa mlangoni kukagua magari ya wenyewe. Shida haina adabu. Ochola akanunua shuka nyekundu, akafanya mazoezi ya kuruka nyuma ya choo cha ploti, akaenda kwenye mahojiano akasema anaitwa Sankale. Meneja, bwana Ishmael, hakuuliza swali la pili. Alimwambia aruke, akaruka, akapewa fimbo na shanga za plastiki.

Mahali penyewe panaitwa Twiga Magic World, kando ya barabara ya kutoka Kitengela kwenda Kajiado. Zamani wanyama walipita hapo wenyewe, bila kiingilio. Wakazungushiwa ua, wakaenda zao, na leo mzazi analipa ili mtoto wake apandishwe juu ya pundamilia wa faiba. Hayo ndiyo maendeleo, nasi tunashukuru.

Shoo iliitwa Morani na Simba. Simba alikuwa Mulwa, baba wa watoto watatu kutoka Makueni, ndani ya manyoya yanayonuka soksi. Watoto waliitwa jukwaani wakapewa mikuki ya sponji. Morani aliwasalimu kwa Kimaasai, "Sopa!" nao wakajibu "Sopa!" mpaka spika zikalia, halafu wote wakamkimbiza Mulwa huku wazazi wameinua simu. Kwa miezi miwili hakuna aliyejibu kitu kingine, kwa hivyo Ochola mwenyewe aliamini ndivyo inavyojibiwa. Kipofu aliongoza vipofu, na wote wakapigiwa makofi.

Hofu yake ilikuwa moja tu, kujulikana.

"Siku watajua mimi ni Mjaluo, hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho," alimwambia Maryanne.

Maryanne aligeuza mandazi. "Basi usiongee mingi, baba Melvin. Wewe ruka tu."

Jumamosi moja likaja basi la Sunday school kutoka Kajiado mjini. Kwenye safu ya mbele aliketi nyanya mmoja, ndewe zimetobolewa, shanga zimemfunika shingo hadi mabegani, na hizo hazikuwa za plastiki. Kutoka nyuma ya pazia Ochola alimwona.

"Mulwa, leo nimekwisha."

Simba alivua kichwa apate hewa. "Wewe angalau uko na upepo," alisema, akakivaa tena.

Ishmael ndiye aliyeshika maiki, maana kuajiri mshereheshaji ni hasara. Alichagua watoto watano. Wanne walipanda mbio wakisukumana. Wa tano, msichana wa miaka saba hivi aliyevaa gauni la kanisani, alipanda ngazi polepole. Huyo alikuwa mjukuu wa yule nyanya.

"Sopa!" alinguruma Ochola.

"Sopa!" walijibu wale wanne.

"Ipa," alisema msichana, jibu lenyewe la Kimaasai. Kisha akamsogelea, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

Sasa, mtoto wa Kimaasai humsalimu mkubwa hivyo. Hutoa kichwa, mkubwa hukigusa kwa kiganja, na maisha yanaendelea. Hata mtoto anayeanza kutembea analijua hilo. Ni morani wetu peke yake, mlinzi wa mila mara tatu kwa siku, ambaye hakulijua. Alidhani mtoto ameona kitu chini. Akatazama alipotazama mtoto, akaona kamba ya kiatu imelegea, akamshukuru Mungu. Akapiga goti, fimbo kwapani, akamfunga ile kamba mafundo mawili, kazi safi kabisa.

Msichana hakuinua kichwa. Alikuwa amefunzwa kwamba kichwa hungoja mkono, basi akangoja. Kule mbele nyanya alikuwa ameziba mdomo kwa shuka, mabega yakimcheza.

Mwishowe mtoto alimhurumia. Aliushika mkono wa Ochola, ule mkubwa wenye makovu ya simenti, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kisha akamtazama usoni.

"Wewe unaitwa nani?"

Maiki ilikuwa karibu, na swali likasikika hadi dirisha la tiketi.

Sankale lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kiganja cha Ochola kilikuwa bado kichwani pa mtoto, naye aliona aibu, ile ya kweli inayoanzia masikioni. Mtoto amempa kichwa chake, yeye amlipe jina la kuazima? Alimfikiria Maryanne na karai la mafuta, akapiga moyo konde.

"Ochola," alisema. "Mimi si Mmaasai, mtoto wangu. Mimi ni Mjaluo, mtu wa Ugenya."

Viti vikalipuka kwa kicheko. Watu walishika mbavu, na baba mmoja wa Tuala alimmwagia mkewe soda. Msichana peke yake hakucheka. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akarudi kwa nyanya yake.

Shoo ilipokwisha Ochola alikunja shuka, akavua shanga, akaenda ofisini kabla hajaitwa.

"Bosi, nilikudanganya."

"Najua. Niko na kopi ya kitambulisho yako tangu siku ya kwanza." Ishmael alikuwa anatazama video kwenye simu huku akifuta machozi. "Mmaasai wa kweli nilimuuliza kwanza. Alicheka akaenda zake. Lakini hii ya mtu wa Ugenya, nani alikufundisha? Umeona vile watu wameanguka? Inaingia kwa shoo. Na ile ya kiatu pia."

"Bosi, huo haukuwa mchezo."

"Ndiyo maana imeweza."

Basi kazi ikabaki, na Maryanne akamshukuru Mungu wake. Siku hizi, mara tatu kwa siku, mtoto aliyeelekezwa na Ishmael humuuliza morani anaitwa nani, naye hutaja lile jina alilopewa kwa kuwa alizaliwa baba yake akiwa ametoka tu kuzikwa, nyumba ingali na kilio. Watu hucheka hadi wakalia.

Jumapili iliyopita Maryanne alimleta mtoto wao aone kazi ya baba. Shuleni anaandikwa Melvin Ochola. Baba alipotaja jina, Melvin aligeuka akawatazama watu wanavyocheka, akacheka pia.