Tunafanya Shule

Kitendawili! Mgeni kaingia nyumbani kwetu kabla sijazaliwa, tunakula naye, tunalala naye, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwao wapi. Mkishindwa nipeni mji niwatajie: ni neno. Mengi tunayoyasema kila siku ni wageni wa namna hiyo, na moja kati ya hayo nusura limpotezee mjukuu wangu kazi.

Mjukuu wangu huyu ni mwalimu wa historia katika shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu. Kati ya uwanja wao na ua wangu kuna uzio wa waya tu, kwa hiyo nikianika nguo naiona paredi yote, na mwalimu akipandisha sauti namsikia. Ajira yake ilikuwa ya muda. Aliisubiri sana mpaka akaipata, na mwisho wa muhula ndipo mwalimu mkuu angeamua kama anabaki au anarudi nyumbani tukae tunatazamana.

Mwalimu mkuu huyo watoto wanamwita Kufuli. Kengele ya asubuhi ikishalia anafunga geti kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo anautia mfukoni. Darasa la mwisho, lenye mtihani, halitoki na wenzao. Wengine wakienda zao, wao wanabaki kwenye masomo ya ziada mpaka jua linapoa, Jumamosi pia. Chumba chao kina madirisha ya nondo, bati halina dari, na mchana watoto wanaiva mle ndani kama viazi chini ya mfuniko. Walimu nao hawatoki. Mjukuu wangu aliwahi kuniambia kwamba akikaa kusahihisha madaftari pale ofisini, anaona ni kalamu yake tu inayokwenda mahali.

Basi wakafika kwenye somo la Wagiriki wa kale. Aliwasimulia masoko yao ambako watu walisimama kubishana, mahekalu yao, michezo yao ya kukimbia na kupigana mieleka, kisha akawaandikia herufi zao ubaoni. Hapo watoto walichangamka. Waliposikia kwamba pai ni herufi, darasa zima liliguna. Siku zote walikuwa wanaipimia duara wakidhani ni mdudu wa hesabu. Na ile inayofanana na P yetu kumbe husomwa R, basi "papa" akawa "rara", na wiki nzima wakawa wanaitana rara uwanjani.

Binti wa fundi cherehani, wanayemwita Kasuku kwa sababu haishiwi maswali, ndiye aliyetaka kujua kama na sisi tuna neno la Kigiriki mdomoni. Mjukuu wangu akamwambia kwamba "shule" lenyewe limetoka huko. Wagiriki walikuwa na neno skole, Warumi wakalichukua, Wajerumani wakalipokea wakaligeuza, na sisi tukalipata kwao. Kasuku akauliza Wagiriki walimaanisha nini. Ilikuwa saa ile ya joto, nusu ya darasa wamelalia madawati. Mjukuu wangu akajibu bila kufikiri: mapumziko.

Wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi.

Kesho yake mwalimu wa hesabu alipoingia kwa masomo ya ziada, aliwakuta wote wamekunja mikono, vichwa juu ya madawati, madaftari yamefungwa. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Akauliza kuna nini. Kasuku akainuka kwa adabu zake zote.

"Tunafanya shule, Mwalimu."

Kufuli hakucheka. Alimwita mjukuu wangu ofisini, akamwambia Jumatatu asimame paredini awaeleze watoto kwamba ule ulikuwa utani na neno lile halina maana hiyo. Asipofanya hivyo, asijisumbue kuuliza habari za muhula ujao.

Jumapili alikaa jikoni akichambua mchele ambao ulishachambuliwa, mpaka nikamnyang'anya ungo. Akisema ni utani, atakuwa amewadanganya watoto juu ya jambo la kweli, na kesho hawatamwamini hata akiwaambia mbili na mbili ni nne. Asiposema, kazi imekwenda. Kila anakogeuka ukuta. Mimi sikumficha mawazo yangu. Nilimwambia aseme tu maneno mawili ashuke, tumbo letu halijui Kigiriki.

"Na wakiniuliza, Bibi?"

"Nani wa kukuuliza mbele ya Kufuli, mke mwenzangu?"

Wote wawili tulimjua ni nani.

Jumatatu nilianika shuka moja kwa muda mrefu kuliko shuka lolote linavyohitaji. Kufuli alisimama nyuma ya mjukuu wangu, mikono mgongoni. Mjukuu wangu alianza kwa sauti ndogo, ikabidi aanze tena.

"Niliwaambia shule maana yake ni mapumziko. Nilikosea."

Kufuli akaitikia kwa kichwa, akasogea mbele kufunga shughuli. Lakini mjukuu wangu hakushuka.

"Wagiriki hawakumaanisha kulala. Walimaanisha ule muda ambao kazi imekuachia, hakuna anayekutuma, ukakaa na wenzako ukauliza unachotaka kujua. Baadaye na mahali pa kukaa hivyo pakaitwa jina hilohilo. Neno ndilo hilo. Sina jingine la kuwapa."

Shuka langu lilikuwa bado linadondosha maji. Mkono wa Kasuku ukapanda.

"Sasa Mwalimu, kwenye ratiba yetu huo muda ni saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Macho yote yalimpita mjukuu wangu yakaenda kwa Kufuli, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule baba hana pa kutokea. Akisema muda huo haupo, amejianika mbele ya shule nzima. Akimfukuza mwalimu, kwa kosa gani? Aliambiwa akanushe, na "nilikosea" amesema. Akatazama saa yake, akaitazama tena, akasema ni ile saa ya mwisho ya masomo ya ziada, na sasa wote waingie madarasani.

Jioni mjukuu wangu alichelewa kurudi, sauti imemkauka. Kufuli alikuwa amemwita tena. Kazi anayo. Ila saa ile ya mwisho amebebeshwa yeye, kila siku, Jumamosi pia, na geti halifunguliwi mpaka watoto waishiwe maswali. Leo Kasuku peke yake alikula nusu ya saa hiyo.

Akavua viatu, akacheka.

"Bibi, hivi nimeshinda au nimefungwa?"

"Vyote viwili, mke mwenzangu. Nawa mikono tule."