Udongo Tumboni mwa Farasi

"Simama hapo chini kwanza," Kiongozi alimwambia mjomba, akimwonyesha kwa fimbo chini ya kwato za mbele za farasi wa shaba, zilizoning'inia hewani juu ya vichwa vya watu. "Mpishi ndiye huonja kwanza."

Umati ukacheka.

Mjomba ndiye aliyenilea, akanifundisha kazi ya nta. Katika karakana yake sanamu ilianza kwa udongo, udongo ukavikwa nta, nta nayo ikafunikwa kwa udongo mwingine. Moto uliiyeyusha nta, na shaba ya moto ikashika nafasi yake. Ikishapoa, tulikwangua udongo wote wa ndani, sanamu ikabaki tupu kama mtungi.

Farasi wa miguu minne angesimama hata tumbo likijaa mawe. Huyu wetu alisimama kwa miwili. Marehemu baba yake Kiongozi alitakiwa aonekane mgongoni mwake akirukia vitani, ingawa wazee walinong'ona kwamba aliogopa farasi kuliko nyoka. Mjomba aliomba mkia ufike chini, uwe mguu wa tatu. Mwangalizi kutoka ikulu, tuliyemwita Bwana Haraka, akakataa katakata: mkia wa kuburuta ni wa mbwa aliyepigwa. Basi mjomba akapiga hesabu upya: miguu na matako shaba nzito, kifua chembamba na kitupu, ili uzito wote ukae nyuma.

Udongo wa kifuani ulikuwa utolewe kupitia tundu la mgongoni, pale anapokaa mpandaji. Lakini sherehe ya uzinduzi ikapangwa mapema zaidi, na Bwana Haraka akaleta wachomeleaji wake siku tuliyokwenda kumzika mke wa mjomba. Tuliporudi, Marehemu alikuwa ameshakaa juu ya tundu, amechomelewa barabara. Mjomba akagonga kifua cha farasi kwa kidole. Hakikulia. Kilijibu kama gunia la mchanga.

"Tuwaambie," nilisema.

"Tuwaambie nini, mwanangu? Kwamba Mheshimiwa Marehemu amekalia kosa? Yule aliyechora stempu akakosea pua, mkewe mpaka leo hajui kama ni mke au mjane."

Tukanyamaza. Tangu hapo sufuria ikianguka kwa jirani, moyo wangu uliruka. Niliogopa farasi akisimama, niliogopa akianguka, na nilimwogopa kila aliyetusalimia kwa tabasamu. Asubuhi ya sherehe niliona ufa mwembamba kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, nikamnong'oneza mjomba.

"Nimeuona," alisema, akaendelea kufunga vifungo vya koti.

Basi akasimama pale chini. Kitambaa kilichomfunika farasi kikavutwa, naye akatikisika, na naapa niliisikia shaba ikilia. Mjomba hakupepesa macho. Farasi hakuanguka. Makofi yalipolipuka nikajikuta nimeuma kiganja changu mwenyewe.

Kiongozi alifurahi. "Sasa watoto wa kwaya wajipange hapo, tupige picha!"

Wakaja mbio na soksi zao nyeupe, wakisukumana kugombea katikati. Mjomba akatanua mikono kama anayefukuza kuku.

"Rudini! Rudini nyuma, wanangu!" Kisha akamgeukia Kiongozi. "Mheshimiwa, farasi huyu ni mbovu. Ataanguka. Nilijua, nikanyamaza. Huyu mpwa wangu kazi yake ni nta tu, hajui lolote."

Walinzi walipomfikia, alikuwa ameshavua koti. Akanikabidhi bila kunitazama, kama mtu anayekwenda kunawa mikono.

Farasi alishushwa kwa winchi jioni ile. Mjomba hakurudi, na hakuna aliyewahi kuniambia nikamtafute wapi.

Wale watoto ni watu wazima sasa. Mmoja ni jirani yangu, mama wa mapacha. Tukianika nguo pamoja, hunisimulia jinsi walivyofanya mazoezi, wakanunuliwa soksi mpya, halafu mzee mmoja akaleta fujo na picha haikupigwa. Anasema mpaka leo inamuuma.

Mimi humwambia pole.