Povu Kwenye Masharubu

Kitu cha kwanza nilichoona nilipoingia ni povu la muratina, pombe yetu ya asali, kwenye masharubu ya baba mdogo. Shangazi alikuwa amenieleza vizuri kwamba siku ya ruracio, mahari inapoletwa, wazee hawagusi pombe iliyoletwa na upande wa mwanamume kabla msichana hajaulizwa. Akikubali, wanakunywa. Akikataa, mitungi inarudi ilikotoka.

"Neno la mwisho ni lako, Wanjugu," aliniambia.

Basi wiki nzima, nikifua nguo za watu kule Kitisuru, nilijizoeza kukataa.

Chumba chetu cha Kangemi kilijaa wageni hadi mlangoni. Zachariah alikaa karibu na dirisha akitabasamu. Alikuwa amewaambia wazee kwamba alinichagua kwa sababu sina maneno mengi. Mimi hakuwahi kuniuliza lolote.

Baba akaniinulia pembe iliyojaa. "Mwanangu, hii pombe tuinywe?"

Nilitazama yale masharubu. Nikafungua mdomo, sauti ikakwama.

"Si mnaona ana haya!" shangazi akadakia. "Msichana akinyamaza amekubali. Mpe aonje, wazee wana kiu!"

"Kiu gani, na huyu ashaanza?" mama mmoja akasema, akimwonyesha baba mdogo kidole. Watu wakacheka sana, hata Zachariah. Vigelegele vikapigwa. Nilionja kwa sababu pembe ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Baba mdogo akawa wa kwanza kuletewa kikombe.

Baba, uliniuliza, na jibu langu ni hili: msinywe.