Nyumba Isiyo na Televisheni

Mektrida alikuwa anapiga pasi kola na kifua tu. Mgongo wa blauzi aliuacha na makunyanzi yake, kwa sababu miaka sita ya kusoma habari ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna mtazamaji anayeuona mgongo wa msomaji. Miguuni, chini ya meza ya habari, huvaa kandambili. Mkaa ulikuwa umepanda bei tena wiki ile, kwa hiyo pasi ilipata moto wa kola moja, na moto huo ulitosha.

Alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje, aliposikia mtu akipiga hodi mbele. Mama Elinipendo, mwenye nyumba wake, akaanza kuitikia karibu kwa ile sauti yake ndefu ambayo mtaa mzima wa Pasua unaijua, kisha sauti ikakatika katikati.

Mektrida akachungulia dirishani. Mlangoni alisimama kijana mwenye shati jeupe, mkononi ana kibao cha kuandikia chenye karatasi nyingi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mama Elinipendo alipoziona karatasi alirudi sebuleni hatua mbili, akavua kanga ya begani, akaitupa juu ya televisheni, na juu ya kanga akaweka kapu la vitunguu. Kitambaa cheupe cha kufuma, ambacho hukaa juu ya televisheni ile kama taji, kilizama chini ya mzigo huo. Yote hayo aliyafanya kabla kijana hajamaliza kusema shikamoo.

Si wa kulaumiwa. Miaka ya nyuma mgambo wa kodi walikuja na karatasi kama zile, na walipoondoka walibeba cherehani yake, ile aliyoshonea sare za shule za nusu ya watoto wa mtaa. Tangu siku hiyo, kwake karatasi yoyote mkononi mwa mgeni ilikuwa ya kodi. Na sokoni wiki ile watu walikuwa wakisema kwamba televisheni nazo zitaanza kulipiwa.

Kijana alisema anaitwa Shedrack, anafanya utafiti, na maswali yake ni machache.

"Hapa nyumbani mna televisheni, mama?"

"Tuna redio, mwanangu. Nayo betri zimekufa."

Shedrack akainua macho kwenye paa. "Na ile antena?"

"Ile tumeikuta na bati."

Kijana aliandika. Akageuza karatasi, akauliza kama mama anamfahamu msomaji wa habari anayeitwa Mektrida Kimaro.

Mama Elinipendo alizitazama tena zile karatasi. Mtu mwenye karatasi alikuwa anamtafuta mpangaji wake kwa majina yote mawili.

"Simjui."

"Hujawahi hata kumsikia?"

"Mwanangu, nimeshasema simjui. Hata akipita hapo ulipo, sitamjua."

Nyuma ya dirisha Mektrida aliuma pindo la kanga asicheke. Alimwona mama yule akimwangalia kijana viatu vyake vyenye vumbi, akimuuliza ametoka wapi, na kusikia kwamba ametembea kwa miguu kutoka Majengo tangu alfajiri. Akamkalisha kwenye kigoda, akampa ndizi mbivu mbili na kikombe cha maziwa. Kijana alipokea kwa mikono miwili. Mama Elinipendo humdanganya mtu na kumlisha kwa wakati mmoja, na yote mawili huyafanya kwa moyo wake wote.

Kijana alipoondoka, mama akapitia mlango wa nyuma hadi kwa jirani, jirani akaenda kwa jirani yake. Maneno yalimtangulia Shedrack mtaa mzima: karatasi zipo, funikeni.

"Umekosa nini huko kazini kwako?" Mama Elinipendo aliuliza, akitoa kapu juu ya televisheni.

Mektrida alisema hajui. Alimshukuru, akavaa blauzi yake, akaondoka.

Ni kweli hakujua. Mwezi ule pale Njoro Televisheni hakuna aliyejua kitu. Mzee Sirili, aliyeanzisha kituo hicho juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameugua na kuuza. Kwanza walisikia amemuuzia mtu wa Arusha. Kisha ikaja barua kutoka kampuni ya Dar es Salaam. Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine, yenye nembo nyingine, ikisema barua ya kwanza isifuatwe. Wafanyakazi waliendelea kuja, wakawasha mitambo, wakasoma habari saa moja jioni, kama watu wanaopalilia shamba bila kujua ni la nani.

Siku hiyo getini mlinzi, Filemon, alimzuia. Alimzuia kwa aibu, maana mwaka juzi Mektrida alikuwa amemchangia fedha za kumtoa mtoto wake hospitali.

"Nimeambiwa niombe barua ya mwenye mali, dada."

"Mwenye mali yupi?"

Filemon akafikiri. "Na mimi niliuliza hivyo hivyo," akasema, na akamfungulia.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mzee mmoja amevaa koti la kanisani, ameishika kofia kama mtu aliyebeba yai. Aliitwa Ndelilio, ametoka Mwika na gari la kwanza. Dada yake, Elisifa, alikuwa amefariki, na tangazo lake alikuwa amelileta kwenye karatasi ya daftari. Lakini dirishani alikuta ubao mpya unaosema matangazo ya vifo yamesitishwa mpaka hapo itakapotangazwa tena.

"Shikamoo, meku," Mektrida alisema, akimwita mzee kwa Kichaga. "Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Sasa lisipotangazwa nitafanyaje? Huko juu mlimani wote wanajua, tangazo ni la huku chini. Mtoto wake wa mwisho, Zita, analima mpunga Mabogini. Pale tulipokuwa tunapajua amehama. Simu hana. Tutazika Jumamosi, na mtoto wa mwisho asipotupa udongo juu ya mama yake, hilo litamla maisha yake yote."

Watu walikipenda kituo kile kwa sababu ya vifo. Mektrida alijua hivyo na hakuona aibu. Kila jioni, baada ya habari, alisoma matangazo taratibu, jina la marehemu, la ukoo, la kijiji, bila kuchanganya Kirua ya huku na Kirua ya kule, na watu walijua wapande gari gani. Aliichukua karatasi ya mzee, akaikunja, akaitia mkobani. Alimwambia atajaribu lisomwe jioni. Akamwelekeza Pasua kwa Mama Elinipendo, akapumzike na kunywa chai, na saa moja alisikie kwa masikio yake.

Juu, kwenye chumba cha habari, alikuta msichana mzuri amekaa kwenye kiti chake, amejipaka poda, anasoma kwa midomo bila sauti. Msichana alisimama haraka.

"Shikamoo dada. Mimi Evelyn. Nimefika jana kutoka Dar." Akasita. "Niliambiwa nafasi ipo wazi tangu mwezi uliopita."

Mektrida akavuta kiti kingine. Wakakaa wote wawili. Evelyn akauliza kama jina hili linasomwa Ndelilio au Ndelili-o, maana lilikuwa kwenye habari ya mnada wa kahawa, Ndelilio mwingine. Mektrida akamwonyesha. Akamwandikia na mengine kwa penseli, akiyakata vipande vipande ili asijikwae. Evelyn akamgawia nusu ya chapati yake.

Saa nane meneja mpya aliwaita. Aliitwa Fredy, mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye simu mbili mezani, na alikuwa mpole kwa sauti. Pembeni yake alikaa Shedrack na kibao chake. Shedrack alipomwona Mektrida alimwamkia kwa heshima. Hakuwa amewahi kumwona.

Fredy alisema wenye kampuni wameagiza utafiti wa watazamaji, kwa sababu vituo vya Dar vinaingia Moshi na kila kituo kinagombania matangazo ya biashara. Majengo matokeo yalikuwa ya wastani. Pasua ndiko kulikobaki, na Pasua, kwa maneno ya Mektrida mwenyewe, ndiyo ngome yake.

"Nyumba ishirini na mbili, sista," Fredy akasoma. "Zenye televisheni ni mbili. Na zote mbili zinatazama Dar. Waliosema wanakujua wewe, hakuna."

Hapo ndipo Mektrida alipoelewa asubuhi yake. Kwanza alitaka kucheka. Akajaribu kueleza. Akasema watu wale wanazo televisheni, walizifunika, walidhani ni kodi. Akasema nyumba moja tu ya pale Pasua hujaza watu thelathini kila jioni, wengine wakikaa sakafuni na wengine wakisimama dirishani.

"Wanakaa nyumba hiyo?"

"Hapana, ni majirani."

"Fomu inahesabu wakaao humo. Jirani hahesabiwi." Fredy alimgeukia Shedrack. "Wewe uliona televisheni?"

Shedrack alimtazama Mektrida, kisha karatasi zake. Alisema nyumba moja aliona kapu la vitunguu limekaa juu sana, juu ya kitu cha mraba. Lakini yule mama alimpa maziwa. Hakuweza kumwambia anadanganya.

Fredy akavuta bahasha kutoka chini ya simu moja, akamsogezea. Barua ilikuwa ya mistari minne. Inamshukuru, inamtakia heri, inamwambia kazi yake imekwisha. Mektrida aliisoma mara mbili, kama alivyozoea kuisoma habari kabla ya kuingia hewani, na mara ya pili macho yake yalikwama kwenye tarehe. Barua ilikuwa na siku kumi na moja.

"Hii iliandikwa kabla hamjahesabu."

Fredy aliichukua, akaitazama tarehe kwa mshangao ulioonekana wa kweli. "Itakuwa sekretari amekosea."

"Amekosea, au mlikuwa mmeshaamua?"

"Dada'ngu, mimi mwenyewe nimeipokea ikiwa imefungwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Hata ya kwangu sijui imeandikwa lini."

Mektrida aliuliza kuhusu tangazo la mzee Ndelilio. Fredy akatikisa kichwa. Wenye kampuni walisema watu hawataki kusikia vifo kabla ya mpira.

Alishuka ngazi. Filemon alimsindikiza mpaka barabarani, akambebea mkoba ingawa haukuwa na kitu ila karatasi mbili.

Nyumbani alimkuta mzee Ndelilio sebuleni na bakuli la mtori wa ndizi mkononi. Mzee alipofika mchana na kuulizia nyumba yenye televisheni, Mama Elinipendo alikuwa ameikana tena, mpaka mzee alipotaja aliyemtuma.

Mektrida alimvuta mama jikoni, akamweleza. Alimweleza kwa upole, lakini maneno mengine hayana upole wa kutosha. Mama Elinipendo alishika mwiko bila kukoroga.

"Kumbe alikuwa anahesabu wanaokupenda."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekukana." Akakaa juu ya gunia la mkaa. "Nimekukana kama Petro. Nikaufundisha na mtaa mzima."

Mektrida akatoa barua, akamwekea kidole kwenye tarehe. Mama Elinipendo hana macho ya herufi ndogo, akasomewa. Akauliza kama basi kosa si lake. Mektrida akasema si lake. Mama akauliza, je, kama mtaa mzima ungesema ndiyo, barua ingebaki kwenye bahasha? Mektrida akachukua mwiko mkononi mwa mama na kukoroga yeye, maana mtori ulikuwa unaanza kushika chini.

Saa moja kasoro watu wakaanza kuingia na vigoda vyao, kama kila siku. Walikuja wale wale waliosema hawana, hawajui, hawajawahi kusikia. Walijaa sakafuni, mlangoni na dirishani. Walipomwona Mektrida amekaa kwenye mkeka katikati yao, wengine walidhani ni mgonjwa. Mtoto mmoja alimtazama yeye, akaitazama televisheni, akamuuliza mama yake ni nani basi aliyeko mle ndani.

Ndani alikuwa Evelyn. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye Ndelilio wa mnada wa kahawa alilitamka sawasawa, na Mektrida akajikuta ameitikia kwa kichwa kwa furaha kama mwalimu. Habari zikaisha. Watu wakasogea mbele, wengine wakatoa kalamu, kwa sababu sasa ndiyo zamu ya matangazo. Badala yake ukaja muziki na picha ya sabuni, kisha mpira.

Mzee Ndelilio alisubiri. Alisubiri mpaka wachezaji walipokwisha kupeana mikono.

"Na wa kwangu?" aliuliza, bila kumuuliza mtu yeyote.

Mama Elinipendo akainuka, akapita katikati ya miguu ya watu, akapunguza sauti ya televisheni mpaka ikafa. Vijana wa dirishani walinung'unika, mmoja akasema huo ni mpira, mama. Mama alichukua kanga yake ya begani, akaitandaza juu ya kioo, mara ya pili kwa siku ile, na juu yake akaweka kapu la vitunguu.

Kisha akamtazama Mektrida.

Mektrida alisimama. Blauzi ilikuwa na makunyanzi mgongoni, na wa nyuma yake waliyaona. Alifungua karatasi ya daftari, akaisoma kwanza kimya, kisha akaanza kwa sauti ile ile ya saa moja, si kubwa, si ya haraka.

"Familia ya mzee Ndelilio Mlay, wa Mwika, inasikitika kutangaza kifo cha dada yao mpendwa, Elisifa. Mazishi yatafanyika nyumbani kihambani, kwenye shamba la ukoo, Jumamosi, saa saba mchana. Habari ziwafikie watoto wote wa marehemu, hasa Zita, aliyeko Mabogini. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo."

Mzee Ndelilio alikuwa amevua kofia. Karibu na mlango, mwanamke mmoja anayeuza mchele sokoni, ambaye kila Alhamisi alfajiri hushuka Mabogini kuununua, alikuwa anaandika kwenye kiganja chake na kalamu ikawa inakwama.

"Rudia siku, mwanangu," alisema. "Kesho nashuka kule."

Mektrida akarudia. Jumamosi, saa saba mchana.